Nilikumbuka Sufuria Kwanza

Minza,

Umetoka sasa hivi na Neema kwenda sokoni, na kwa jinsi soko la Katoro linavyojaa siku kama ya leo, nina muda kabla hamjarudi. Nimefunika cherehani, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la vipimo vya wateja, nimekaa. Naandikia juu ya paja. Ukikuta herufi zimepinda usishangae.

Habari za ndoo, neti na shuka sitaziandika. Hayo umeyapanga mwenyewe kwenye sanduku kabla hata sijakukumbusha, kama unavyofanya siku zote. Wala sitakuandikia habari za wanaume na za kusoma kwa bidii, maana jioni watakuja majirani kukuaga na kila mmoja atakuambia hayo mpaka uchoke. Kesho asubuhi utapanda basi la Shinyanga kuanza chuo cha ualimu. Kabla hujaondoka kuna jambo ambalo nimelinyamazia miaka kumi na moja. Ni habari za siku ile tuliyokwenda ziwani.

Najua unaikumbuka. Lakini unaikumbuka kwa yale uliyoyaona wewe, na kwa maelezo niliyoyatoa mimi baadaye. Maelezo yangu yalikuwa ya uongo.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Mwaka ule baba yako alikuwa amepata kazi nyingi za kutengeneza mota za makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na tangu Kwaresima alikuwa ameahidi kwamba watoto wote wataliona ziwa. Aliazima gari aina ya Noah la rafiki yake. Mdogo wake, Masanja, alikuja na mkewe na watoto wao watatu kwa kirikuu, kile kigari chake cha mizigo, watoto wamekaa nyuma juu ya turubai wanaimba. Wa nyumbani kwetu mlikuwa watano. Wanangu pacha, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka kumi, wewe minane, Shija sita, na Neema alikuwa na miwili tu, bado nambeba mgongoni.

Asubuhi ile nyumba nzima ilikuwa purukushani. Kulwa na Doto walikuwa wanagombania shati, Shija hajanawa uso. Wewe ulikuwa umeinama chini ya kitanda unatafuta kandambili ya mguu wa kushoto. Nilisimama mlangoni nikakuambia, kwa ile sauti yangu unayoijua, "Wewe endelea kuchelewa hivyo hivyo. Siku moja nitakuacha, na sitageuka nyuma."

Pacha nao walikuwa wamechelewa. Niliwasubiri, sikuwaambia neno.

Wakati ule sikuona tofauti. Ni maneno ambayo kila mama wa mtaa huu huyasema mara tatu kwa siku, na watoto huyasikia kama wanavyosikia mvua juu ya bati. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba huyasikia hivyo. Mtoto aliyeletwa sikuwahi kujiuliza anayasikia vipi. Sijawahi kukuficha kwamba aliyekuzaa ni mdogo wangu Kabula, na kwamba nilikuchukua ukiwa na miaka mitatu tulipomzika. Lakini tangu ulipoanza kuishi nasi ulikuwa unaniita mama, kama wenzako, na mimi niliona hilo limekwisha, halina mjadala.

Tulifika Chato kabla ya saa tano. Mnakumbuka wote jinsi ziwa lilivyotokea ghafla kati ya mapaa ya bati, na Shija akauliza kama mvua yote ya dunia ndiyo inaishia pale. Ilikuwa siku nzuri, Minza. Baba yako, ambaye anaogopa maji kuliko anavyoogopa nyoka, alikunja suruali akaingia mpaka magotini, akasimama pale kama nguzo huku nyie mkimrushia maji. Masanja alinunua sato kutoka mtumbwi uliokuwa ndio kwanza unaingia. Mimi na mke wa Masanja tulipika pilau juu ya mafiga ya mawe, kando ya wanawake waliokuwa wameanika dagaa juu ya nyavu. Wewe ulikwenda kwa wanawake wale ukawa unawauliza majina ya samaki mmoja mmoja. Nilikuona. Ulikuwa umembeba Neema ubavuni, na kila ukiambiwa jina ulimwambia Neema alirudie.

Kwenye saa kumi mawingu yakaanza kusimama upande wa visiwani. Tulikuwa tumeshakula. Nikaichukua ile sufuria kubwa ya pilau, ukoko umegandia chini, nikakupa. Nikakuambia nenda pale penye mawe ukaisugue kwa mchanga. Hukuuliza kwa nini si Kulwa, au kwa nini si Doto aliyekuwa amelala tu kwenye mkeka. Uliikumbatia kwa mikono miwili, maana ilikuwa karibu kukuzidi, ukaenda.

Basi upepo ukaja. Wewe ulikuwa nyuma ya yale mawe, hukuona jinsi watu walivyokurupuka. Mikeka iliruka, wanawake wakakimbilia dagaa zao, watoto wa Masanja wakapakiwa kirikuu kama magunia na Masanja akatangulia. Baba yako akawa anapiga honi. Nilimfunga Neema mgongoni, nikatupa vyombo nyuma ya gari, nikasimama kwenye mlango wa Noah nikahesabu watoto.

Hapa ndipo nimekuwa nikifika miaka yote hii, nikageuka. Leo sigeuki.

Nilihesabu kwa mkono, nikigusa vichwa. Kulwa. Doto. Shija. Nikapeleka mkono nyuma nikamgusa Neema mgongoni. Wanne. Nikaona wametimia. Nikamwambia baba yako, "Wote wapo, twende."

Unajua nilichokisema baadaye, na umekisikia nikikirudia kwa majirani mpaka kikawa kama hadithi ya kuchekesha: kwamba nilijua umepanda kirikuu na watoto wa Masanja. Si kweli. Sikufikiri umepanda kirikuu. Sikukufikiria kabisa. Hesabu yangu ilijaa bila wewe, na moyo wangu haukusita hata kidogo. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nakuwa kama mtu aliyefungua chumba cha nyumba yake mwenyewe akakuta shimo.

Na kuna baya zaidi ya hilo.

Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa, mvua inapiga kioo, watoto wamesinzia, nilipoanza kuhisi kuna kitu nimesahau. Nikavipitia vitu kichwani. Mkeka upo. Kapu lipo. Khanga za Neema zipo. Halafu nikashtuka, nikamshika baba yako bega. Nikamwambia, "Sufuria yangu!"

Yeye akacheka. Akasema watu wa ziwani wamepata zawadi ya Pasaka, tutanunua nyingine. Nikanung'unika mpaka tukavipita vijiji viwili. Niliiona ile sufuria akilini, na mdomo wake uliobonyea upande mmoja. Niliiona ikiwa mikononi mwa mtu, Minza, inakwenda majini. Na bado uso wa huyo mtu haukunijia.

Nilikumbuka sufuria kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno makali kama hayo ninayojiambia mwenyewe.

Masanja alikuwa ametusubiri Buseresere, pale wanapouza mananasi kando ya barabara. Mvua ilikuwa imepungua. Watoto wakashuka, mke wa Masanja akakata nanasi, akamkabidhi Shija vipande awagawie wenzake. Shija akazunguka, akagawa, akarudi kwangu ameshika viwili.

"Mama," akaniuliza, "cha Minza nimpe nani?"

Sikupiga kelele. Nilimtazama Shija, nikalitazama lile nanasi, nikawatazama watoto waliosimama kando ya kirikuu. Masikio yaliziba. Nilikuwa naona midomo ya watu inacheza, sisikii. Kitu cha kwanza nilichosikia ni baba yako akiniuliza, kwa upole kabisa, "Si ulisema wote wapo?"

Nikajibu kabla sijajua ninachojibu. "Nilijua amepanda na kina Masanja."

Uongo ule ulizaliwa hapo barabarani, na ulizaliwa ukitembea. Baba yako aliuamini. Masanja akaanza kujilaumu, akasema angehesabu watoto kabla ya kuondoka, na mimi nikamwacha ajilaumu. Mke wa Masanja tu ndiye aliyenitazama kidogo zaidi ya wengine. Halafu akampokea Neema kutoka mgongoni kwangu.

Tulirudi wawili, mimi na baba yako. Nilishika rozari yangu mkononi na sala haikuja, ilikuja hesabu tu. Kulwa, Doto, Shija, Neema. Kulwa, Doto, Shija, Neema. Nilikuwa najaribu kuliingiza jina lako mahali pake, baada ya Doto, na kila nikianza upya ulimi ulikuwa unaruka. Nilitishika. Nilijiuliza ni lini nimejifunza kuhesabu hivyo, na nimehesabu hivyo mara ngapi, jioni ngapi, nikigawa chakula, nikifunga mlango.

Tulifika jua limeshazama. Ufuko ulikuwa mtupu, mchanga umetobolewatobolewa na mvua. Baba yako alifungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa. Alikwenda moja kwa moja majini, na viatu vyake, akaingia mpaka mapajani akiita jina lako. Yeye ambaye asubuhi alikuwa hasogei zaidi ya magoti. Sijawahi kumsikia mwanaume akiita hivyo, si kabla ya siku ile wala baada yake. Mimi nilibaki nimeshika mlango wa gari.

Ndipo mwanamke mmoja akatoka kwenye kibanda cha kuhifadhia nyavu, amejifunika gunia kichwani. Akaniuliza kama tunamtafuta binti mwenye sufuria.

Ulikuwa umekaa ndani juu ya gunia la dagaa, umefungwa khanga ya mama yule, kavu, miguu haifiki chini. Sufuria ilikuwa mapajani. Uliponiona ulishuka, ukasimama wima kama unavyosimama mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mama mkubwa," ukasema.

Asubuhi ulikuwa umeshaniamkia. Na asubuhi ulikuwa umeniita mama.

Nilijibu marahaba. Ukaniambia umeisugua na imetakata, ukaninyooshea sufuria, na mimi nikaipokea. Wakati huo baba yako aliingia, maji yanamchuruzika, akakunyanyua, akakukumbatia, akalia bila kuficha uso. Nimelifikiria sana hilo. Mikono yangu ilikuwa imeshajaa. Yeye alikupokea wewe, mimi nilipokea sufuria.

Yule mama, Mama Bahati, alinivuta nje kidogo wakati baba yako anakupakia garini. Hayo yaliyosemwa pale huyajui, na nadhani ni haki yako kuyajua. Aliniambia kwamba alikuwa anakusanya dagaa alipokuona unatoka nyuma ya mawe na sufuria yako, gari letu likiwa bado halijapanda kilima. Angeweza kukusikia kama ungeita, na sisi pia tungekusikia, maana madirisha yalikuwa wazi bado. Hukuita. Ulisimama ukalitazama gari mpaka likapotea, halafu ukakaa chini.

"Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele," Mama Bahati akaniambia. "Akasema, 'Alishasema ataniacha.'"

Halafu akaniambia kwamba baadaye, mlipokuwa mmejikinga na mvua, ulimuuliza kama ana mtoto mdogo nyumbani kwake. Ukamwambia unajua kubeba watoto, na vyombo unaosha, na huli sana.

"Mimi sikuulizi kitu, mama," akasema. "Nimekuambia tu ujue."

Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Nilimpa mkono, nikamwambia wabeja sana, neno la nyumbani la kushukuru likanitoka lenyewe kwa sababu la Kiswahili nililikosa. Nikapanda gari. Wewe ulikuwa umelala kiti cha nyuma, na baba yako njia nzima alikuwa kila baada ya muda anageuza shingo kukutazama.

Mtoto wa miaka minane, katika saa mbili na nusu, alikuwa ameshaomboleza nyumba moja na ameanza kutafuta nyingine. Na hukuona ajabu. Hicho ndicho kilichonishtua kuliko vyote. Kwako halikuwa jambo la kushangaza. Lilikuwa jambo lililotangazwa asubuhi, jioni likatimia.

Sikukuomba radhi. Wiki ile nilikushonea gauni la njano lenye mikunjo kiunoni, kila mtu akalisifia, ukashukuru kwa magoti yote mawili. Nilijidanganya kwamba gauni limesema. Kwenye kitubio nilimwambia padri kwamba nilimpoteza mtoto kwa uzembe. Akaniambia Mungu ameona uchovu wa mama. Hata pale, nimepiga magoti, nilishindwa kusema kwamba nilihesabu wanne.

Siku chache baadaye nilizitazama picha tulizopiga kwa simu ya baba yako. Nilikuwa natafuta yako. Zilikuwa nyingi, za pacha wakirushiana maji, za Shija na samaki. Nilikupata kwenye mbili. Katika moja uko nyuma umeinama kwenye kuni. Katika nyingine ni mkono wako tu, unamshikilia Neema asidondoke ili yeye apigwe picha. Nilikaa na ile simu mpaka ikazima chaji.

Sasa nikuambie jambo hili lilikotoka, si kwa kujitetea. Mimi na mama yako tuliachana vibaya. Kabula alikuwa mzuri, mcheshi, na nyumba yetu ilimpenda kuliko ilivyonipenda mimi. Alipomfuata mchimbaji mmoja wakahamia machimboni bila kuaga, mama yetu aliugua kwa huzuni, na mimi ndiye niliyemuuguza. Baadaye Kabula alituma mtu kwangu. Alisema anaumwa, anaomba nimfuate. Nilimjibu yule mtu kwamba aliyejipeleka mwenyewe atajirudisha mwenyewe. Baada ya wiki mbili walimleta, hawezi kusema, na wewe umeshika upindo wa shuka aliyofunikwa. Hakuishi siku tatu.

Nilikupokea kwa mikono. Moyo ulikuwa bado unagombana na marehemu, na wewe ulikuja na paji lake la uso, na kicheko chake. Nilikuogesha, nikakulisha, nikakupeleka shule, sikukunyima kitu ambacho wenzako walipata. Watu waliona, wakanisifu. Nami nikaamini kwamba kutonyima ndiko kupenda.

Kosa langu kwa Kabula lilikuwa kungoja arudi na radhi mkononi. Kosa langu kwako lilikuwa kukuadhibu kwa jambo ambalo hata hukulisikia, na kukuadhibu bila mimi mwenyewe kujua kwamba naadhibu. Ukiwa na hasira na mtu, Minza, mwendee ukamwambie yeye. Hasira usiyoipeleka kwa mwenyewe haikai bure, itamtafuta mdogo wa karibu.

Unaweza kutaka kujua ni lini nilibadilika. Sina siku ya kukuonyesha. Najua tu kwamba ulipokuwa kidato cha pili ukalazwa kwa malaria kali, muuguzi aliyekuwa anajaza kadi aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia watano. Nilishasema ndipo nikajisikia nimesema. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikalia mpaka mama mmoja akadhani nimefiwa, akaanza kunipa pole.

Lakini kubadilika kwangu hakukufuta kilichokwisha kukupata. Tangu ziwani hujawahi kuchelewa tena. Nyumba nzima ikijiandaa kwenda misani, wewe uko mlangoni umeshavaa viatu tangu alfajiri. Hukuwahi kuomba daftari mpaka lililopo liandikwe na kwenye jalada. Hukuwahi kujibu, kununa, kukataa. Majirani wakija wanasema nimekulea ukaleleka, kwamba binti wa marehemu ana heshima kuliko wa kuzaa mwenyewe. Nami huinamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu. Mimi peke yangu najua kwamba wanachokisifu ni hofu. Niliipanda asubuhi moja mlangoni nikiwa na haraka, na ikaota miaka kumi na moja.

Ndiyo maana naogopa kesho. Siogopi kwamba utaharibika. Naogopa wema wako. Huko chuoni utawafulia wenzako, utawaachia kitanda cha dirishani, utakula mwisho. Watakupenda kwa hilo, na watakusahau kwa hilo hilo. Atakuja pia mwanaume atakayefurahi kwamba humuulizi alikotoka, atakuita mke mwema kabla hajakuoa. Ukiona mtu anatulia sana kwa sababu hudai kitu, mdai kitu. Mdai kidogo tu, umtazame atakavyofanya. Kama mimi ungenidai mapema, pengine ningeamka mapema. Sisemi kosa lilikuwa lako. Ulikuwa mtoto, na aliyekuziba mdomo ni mimi. Nasema tu kwamba mdomo ni wako sasa.

Utafundisha watoto. Watachelewa, watapoteza kandambili, watakutia wazimu. Wachape maneno ukitaka. Ila kuachwa usiwatanie nako. Humjui yupi kati yao anaamini.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilimwambia baba yako ukweli. Nilimwambia yote, habari za kuhesabu, za sufuria na za Mama Bahati. Nilitarajia atafoka. Aliweka kikombe chini, akatoka, akakaa kwenye tofali pale nje muda mrefu amegeukia barabara. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," akaniambia. "Na kioo cha kutazama nyuma kilikuwa mbele yangu."

Nikamwambia kwamba nitakuandikia barua, kisha akaenda kazini. Sijui jioni atarudi na maneno gani kwangu, na kama atakuwa na maneno. Nitayapokea. Kabla hajatoka alisema barua hii nikupe leo, nisiifiche kwenye sanduku ukaikute Shinyanga ukiwa peke yako, usiwe na mtu wa kumfokea. Yuko sahihi. Nilitaka kuificha. Ona, hata katika kusema ukweli nilikuwa natafuta mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, kabla wageni hawajaja. Sikuombi unisamehe, maana ukiombwa utakubali upesi, kwa magoti yote mawili, na mimi sitaki tena kile kinachotoka kwako upesi. Ukitaka kunifokea, nifokee wageni wakiwa hapo hapo. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, baba yako atakusindikiza, na mimi nitakaa ndani. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, kaa.

Nasikia sauti zenu barabarani. Neema anasimulia kitu, na wewe unacheka. Nimekisikiliza kicheko hicho kwa dakika nzima kabla ya kuandika mstari huu. Sijui kama utacheka hivyo tena mbele yangu. Lakini ni afadhali uninunie ukiwa unajua, kuliko kuniheshimu ukiwa hujui.

Mimi niliyekulea,
Suzana